Ua wa Mastura

Mastura alikuwa na siri moja tu, nayo ilikuwa na ndevu. Kijiji kizima cha Moa kilijua kwamba arusi hainogi bila mikate yake ya kumimina, laini, inayonukia iliki. Wasilolijua ni kwamba Mastura hata chai ilimshinda. Mpishi alikuwa mumewe, Uweso, aliyejifunga kanga kiunoni na kukoroga rojo la mchele uani huku akiimba.

Upande wa baharini alikaa jirani yao, Shadya, mwenye macho mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Huyo akiona, sifa zote zimekwenda na maji. Basi Mastura akasimamisha ua wa makuti, mrefu kumpita mtu, akalala usingizi wa pono.

Kusi ikaanza kuvuma. Mawimbi yakatupa mchanga ufukweni, jua likaukausha, upepo ukaubeba. Na upepo ni mchukuzi kama wachukuzi wengine: ukikuta kizuizi huishiwa nguvu, hutua mzigo papo hapo. Ukautua chini ya ua, upande wa Shadya. Rundo likawa tuta, tuta likawa kilima, mbuzi wakaanza kukikwea. Mastura akaongeza makuti juu. Upepo nao, bila hiyana, ukaongeza mchanga. Masikini, alidhani anamficha mume, kumbe anamjengea jirani ngazi!

Asubuhi moja kuku wa Shadya alipanda kilimani, na mwenyewe akamfuata. Mastura, aliyekuwa amejinyoosha mkekani na kikombe chake, aliona kichwa juu ya ua, kisha mabega, kisha Shadya mzima, mikono kiunoni. Mbele yake Uweso na kanga yake, rojo hadi kwenye ndevu. Mastura alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Karibu, shemeji," alisema Uweso, mwiko mkononi.

Shadya hakucheka. Alimtazama mwanamume anayepika, akamtazama mke anayekunywa chai. Kisha akageukia nyumbani kwake, akapaza sauti kwa mumewe:

"We Masoud! Toka kitandani! Njoo huku uone wanaume wenzio!"

Masoud akaja akihema, mchanga ukimrudisha nyuma kila anapokanyaga. Kabla hajafika juu, Mastura alikuwa ameshang'oa makuti ili Shadya ashuke, akasogea kumpisha mkekani. Uweso alikuwa anaosha mwiko wa pili.