Rundo la Arvo

Jumamosi asubuhi, baada ya kahawa ya pili, Arvo Kinnunen aliwasha trekta lake na kwenda kinyumenyume hadi barabarani, kama alivyofanya kila majira ya baridi tangu ujana wake. Mashine yake ya kurusha theluji ilikuwa ya kufungwa nyuma ya trekta, kwa hiyo mwendeshaji alirudi nyuma mwendo wote, kichwa amekigeuzia juu ya bega la kulia, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mpini wa kugeuzia bomba linalotema theluji. Asubuhi hiyo shingo yake ilipogeuka ilikataa kurudi. Arvo alimaliza kusafisha njia, akaegesha trekta, akaingia ndani na kunywa kahawa ya tatu huku akitazama ukuta uliokuwa mgongoni kwake.

Shingo iliachia Jumatatu. Jumanne alivuka uwanja kwenda kwa jirani yake, Onni Lahti, ambaye alikuwa na karakana yenye joto na mashine ya kuchomelea vyuma.

“Nataka kuihamishia mbele,” alisema.

“Si ununue ya mbele?”

“Kwa pensheni ya nani? Yangu au yako?”

Onni alicheka, maana alikuwa ameendesha greda la barabara za wilaya mpaka alipostaafu, na katika pwani ile ya ziwa, huko Michigan, hapakuwa na pensheni iliyoishinda hiyo. “Lete hilo trekta,” alisema. “Na mkate wa iliki usisahau. Mimi sichomelei na njaa.”

Walifanya kazi juma zima. Walitengeneza fremu ya chuma cha pembe na kuikaza kwa bolti chini ya tumbo la trekta, wakapitisha shafti ndefu kutoka nyuma, ambako nguvu ya injini hutokea, hadi mbele ilikofungwa mashine. Jambo gumu lilikuwa moja. Mashine iliyoundwa kukaa nyuma ukiigeuza ikae mbele, shafti huizungusha kinyume. Lazima katikati pawe na giaboksi ndogo ya kuurudisha mzunguko sawa. Kila aliyewahi kuijaribu kazi hiyo kando ya ziwa lile alilijua jambo hilo, na aliyelisahau alibaki na mashine inayomeza theluji bila kuitema. Onni alikuwa na giaboksi ya namna hiyo kwenye rafu yake, aliyoing’oa kwenye mashine kuukuu ya kukatia majani.

“Ile giaboksi umeshaifunga?” Arvo aliuliza siku ya mwisho.

“Nimeshaifunga. Kwani mimi nimeanza kazi jana?”

Hakuwa ameifunga. Ilikuwa bado rafuni, nyuma ya kopo la grisi.

Usiku ule upepo wa ziwani ulimwaga theluji ya kufika magotini. Asubuhi Arvo alikaa kwenye kiti cha trekta akitazama mbele, shingo imenyooka, akavuta wenzo. Parafujo inayozoa theluji ilizunguka kinyume, na feni inayoirusha ikazunguka kinyume. Kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye akili, bomba lilipaswa kubaki tupu. Lilirusha theluji ya mwaka uliopita.

Arvo aliijua kwa sababu ndani yake mlikuwa na kofia yake nyekundu, aliyoipoteza Machi iliyopita. Theluji ilitua pembeni kwa mabamba mazima, juu yake nyayo za sungura na tone la mafuta ya trekta. Ile ya usiku ule haikuonekana tena. Njia ilikuwa safi. Alishuka, akaikung’uta kofia kwenye goti, akaivaa, akaendelea.

Siku iliyofuata ilitoka ya mwaka uliotangulia huo, na iliyofuata ikatoka ya nyuma zaidi. Majirani walianza kupita. Mwalimu mstaafu wa shule ya Jumapili alipata meno yake ya bandia. Mtu wa posta alisimama kando ya bomba kutwa nzima akisubiri funguo, zikatoka jioni, akashukuru akaenda zake. Onni peke yake hakupita, ingawa nyumba yake ilikuwa palepale, mahali njia ya Arvo ilipokutana na barabara kuu.

Kulikuwa na majira moja ya baridi ambayo Arvo alikuwa akiyasubiri. Katika majira hayo mke wake, Sylvi, alishikwa na ugonjwa wa moyo Jumamosi jioni, baada ya kuoga mvuke kwenye sauna. Gari la wagonjwa lilifika mapema, likakwama. Mdomoni mwa njia ya Arvo palikuwa na rundo la theluji la kimo cha kifua. Lilipomalizwa kuchimbwa kwa makoleo, Sylvi alikuwa ameshakufa. Elma, dada wa Sylvi, alisema palepale kwamba Arvo alitoka kwenye mvuke akanywa bia akalala bila kusafisha njia. Watu wote walilishika hilo. Mirja, binti yake, wakati huo msichana wa shule, alilishika kuliko wote, na sasa aliishi katika mji wa Duluth na kupiga simu Krismasi tu.

Arvo alikumbuka kwamba alisafisha. Alikumbuka harufu ya dizeli kwenye glavu na baridi ya usukani. Lakini alikuwa ameambiwa miaka mingi kwamba aliota, na kwa miaka mingi alikuwa amejibu kwamba huenda. Sasa theluji ya usiku ule ilikuwa njiani kuja. Kama ingetoka na alama za matairi yake, angempigia Mirja amwambie aje aone.

Ilipobaki miaka michache, Onni alikuja na bisibisi mfukoni.

“Lirudishe trekta karakana,” alisema. “Nikufungie ile giaboksi.”

“Si ulisema umeshaifunga?”

“Nilisema, lakini umri huu, bwana. Utaikata shafti.”

“Ikikatika tutaichomelea,” Arvo alisema. “Ngoja kwanza.”

Onni alisimama kidogo akitazama bomba. Kisha akarudi kwake.

Theluji ya usiku ule ilitoka Alhamisi mchana. Haikutua pembeni kama ya miaka mingine. Ilirudi ilikokuwa. Kutoka kwenye ghala hadi karibu na barabara ilijipanga kuwa kingo mbili zilizokatwa wima, na kati ya kingo palikuwa na sakafu nyeupe iliyosawazishwa, juu yake alama za matairi ya trekta lililokwenda kinyumenyume. Arvo alizima injini. Alishuka na kupitisha kiganja kwenye ukingo.

“Kumbe nilisafisha,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka alikoiweka miwani.

Alipanda tena akasogea hadi mdomoni mwa njia. Hapo mashine ilinguruma, bomba likatetemeka, na rundo likatoka na kukaa mahali pake, kimo cha kifua, limeiziba njia nzima. Lilikuwa na umbo ambalo theluji huwa nalo ikirushwa na mashine: upande mmoja limesimama, upande mwingine limeburuza mkia mwembamba kuelekea ilikotoka. Mkia ulielekea uwanjani kwa Onni. Na theluji yenyewe ilikuwa imejaa manyoya yenye madoa, meusi na meupe. Katika barabara ile yote, siku zile, aliyefuga kuku alikuwa mmoja.

Mwisho bomba lilimtoa kuku mwenyewe, mzima. Alijikung’uta, akatazama huku na huku, akavuka uwanja na kuingia katika banda la Onni ambalo halikuwa na kuku tangu Onni alipochoka kufuga.

Katika pwani ile mtoto huambiwa kabla hajaruhusiwa kugusa trekta: theluji yako rusha kwako. Huvushi barabara, wala huirushi kwenye njia ya mwenzako, hata kama upepo unakurudishia usoni. Mtu anaweza kusamehewa wizi wa kuni, lakini si hilo.

Onni alikuja na chupa ya kahawa. Alikuwa amekaa dirishani kwake akitazama yote.

“Kuku wako amerudi,” Arvo alisema.

“Nimemwona.”

Onni alimimina kahawa kwenye kifuniko akampa. Arvo akaipokea, kwa sababu ilikuwa kahawa.

“Upepo ulikuwa unatoka ziwani,” Onni alisema. “Ningerusha kwangu ingenijia machoni. Nikasema nirushe huku, niingie ndani nipashe miguu moto, halafu nije niitoe.”

“Halafu?”

“Halafu nikakaa karibu na jiko.”

“Ukalala.”

“Nikalala. Taa za gari la wagonjwa ndizo zilizoniamsha. Lakini nilikuja na koleo, Arvo, unakumbuka. Nilichimba kuliko wewe. Viganja vilinitoka damu.”

“Nakumbuka. Nilikushukuru mbele ya kanisa zima.”

“Ulinishukuru vizuri.”

“Ungesema siku ile.”

“Nilikuwa nasubiri ile kazi ya greda. Nani angempa kazi ya kusafisha barabara mtu aliyeziba barabara? Halafu watu walikuwa wameshasema ni wewe. Elma ndiye aliyeanza. Mimi sikumtaja mtu.”

“Hukumtaja mtu,” Arvo alikubali.

“Kila Jumamosi nimeoga kwako. Nimekuletea samaki. Nimekutengenezea hii mashine.”

“Umenitengenezea.”

Kahawa iliisha. Onni alikifunga kifuniko cha chupa. Hapakuwa na kilichobaki kwenye chupa cha kuwaweka pale.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuja kuona. Walisimama kulizunguka rundo na vikombe mikononi, Onni katikati yao. Elma aliligusa kwa ncha ya buti.

“Ni manyoya kweli,” alisema. “Lakini kuku huzurura, shemeji.”

“Na hizi kingo?” Arvo aliuliza. “Na matairi?”

“Kingo nzuri. Ungezikata mapema tu.”

“Nilizikata mapema. Onni, waambie.”

Watu walimgeukia Onni. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

“Mambo ya zamani hayo, Arvo,” alisema taratibu. “Sylvi mwenyewe asingependa tugombane.”

Elma alitikisa kichwa kukubali. Mtu mmoja alimpigapiga Onni begani, mwingine akamwuliza kama mkate umebaki.

Jioni Arvo alipiga simu Duluth akaeleza yote, kuanzia kofia nyekundu. Mirja alisikiliza.

“Mzee Onni amesema hayo kwa mdomo wake?”

“Aliniambia mimi.”

“Ngoja nimpigie.”

Alimpigia. Onni alimwambia kwamba babake amekuwa na shida ya shingo, kwamba majira haya ya baridi yalikuwa marefu, na kwamba mzee wa umri ule hapaswi kubishiwa, achukuliwe polepole tu. Mirja alimshukuru kwa kumwangalia babake miaka yote hiyo.

Jumamosi Arvo aliwasha moto wa sauna kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Onni alikuja na taulo yake. Walikaa kwenye ubao wa juu, Arvo akimwagia maji mawe ya moto, na mvuke ukapanda mpaka hakuna aliyeuona uso wa mwenzake. Juma lililofuata Onni aliifunga giaboksi. Mashine ilianza kurusha theluji ya siku hiyo, mbali na vizuri, na hakuna mtu aliyekuja tena kutafuta kitu.

Machi ilipita. Theluji za miaka mingine ziliyeyuka kwenye mitaro pamoja na ya mwaka huo, zile kingo mbili zikaondoka, na sakafu nyeupe yenye alama za matairi ikawa tope. Rundo halikuyeyuka. Arvo alilichimba kwa koleo kuanzia asubuhi hadi jioni, na asubuhi likawa palepale, kimo kilekile. Wilaya ilituma greda, likafanya kazi nusu siku, dereva akasema ana barabara nyingine. Mwezi wa Juni magari yalikuwa yamechonga kinjia cha kulizungukia, kikapitia majanini upande wa Arvo. Watoto walilikalia wakati wa joto. Wenye mashua walikuja na ndoo kuchukua barafu ya samaki wao.

Watu wakaanza kulitumia kuelekezana njia. Pinda kulia ukifika Rundo la Arvo, walisema. Kwa nini linaitwa hivyo, mgeni alielezwa kwa ufupi, kwamba ni la yule aliyelala mkewe akafa. Kuku wa Onni alipenda kutafuta wadudu kwenye mkia wake.

Simu iliita mwezi wa Julai, ambao haukuwa na Krismasi. Arvo aliipokea amesimama dirishani.

“Baba,” Mirja alisema, “mama mdogo Elma anasema lile rundo bado liko njiani.”

“Bado liko.”

“Lile lile?”

“Lile lile.”

Huko nje Onni alikuwa anakuja, amebeba mayai ndani ya kofia yake. Alifika kwenye rundo, akalizunguka taratibu kupitia majanini, mkono mmoja umeshikilia mayai yasitikisike.

“Miaka yote hii,” Mirja alisema, “na mpaka leo hujalitoa.”

Onni alimwona Arvo dirishani akainua mkono.

“Bado,” Arvo alisema, naye akainua wake.