Nondo ya Nne

Karatasi ya kazi ilisema tatu. Bisimwa, fundi wa kupima uimara wa majengo, aliiandika kwa mkono wake mwenyewe: roshani ya nyumba ya Maman Mwanvita, mtaa wa Muhumba, zivutwe nondo tatu. Na sasa, siku ya nne, alikuwa anafunga jeki kwenye nondo ya nne, na hakuna aliyemtuma.

Nyumba ile ilijengwa enzi za Wabelgiji, kwa nondo laini zisizo na matuta matuta kama za siku hizi. Nondo laini haing'ang'anii zege kwa ubavu wake. Inashika kwa ndoano iliyokunjwa mwishoni, ndani kabisa, ambako jicho halifiki. Fundi wa zamani aliikunja au hakuikunja, na njia ya kumuuliza ni moja tu: uchonge zege, ukate nondo, uivute kwa jeki polepole, kisha ungoje. Itateleza kidogo, halafu ndoano ikamate. Vijana wa maabara ya ujenzi wakiona mshale wa kipimo umetikisika tu, hao, wamefungua jeki na kuandika mbovu. Bisimwa hungoja. Kungoja anakujua vizuri mno. Tangu mkewe afariki na binti yake Elodie aolewe Kalemie, kule nyumbani Bagira hana shughuli nyingine.

Mwanvita naye alibaki peke yake katika vyumba sita. Mwanawe Yunus, mfanyabiashara wa Uvira, alishatoa hukumu: ichomoke nondo moja, nyumba inabomolewa na mama anahamia kwake. Mama hataki hata kusikia. Kwenye roshani ile ndiko marehemu mumewe alikokuwa akikaa kila asubuhi, na kiti chake bado kipo. Mama hukisogeza ukutani tu kupisha jeki, na kila alfajiri hukirudisha pale pale na kukikalia.

Siku tatu zilikwenda hivyo, nondo moja kwa siku. Kila siku, Bisimwa akiwa amekodolea kipimo macho, mama alitoka na birika la chai ya tangawizi na kuuliza lile lile:

"Papa Bisimwa, iko nashika?"

"Iko nashika, maman."

Wakanywa chai, wakasengenya kidogo bei za soko na majirani wanaojenga ovyo. Siku ya tatu, alipoanza kukusanya vyombo vyake, moyo ulimwuma Bisimwa. Kesho angeamka, na mpaka jioni asingepata mtu wa kumwuliza lolote. Akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Kesho nitakuya tena, maman. Iko ingine moja."

"Karibu, papa," mama alijibu upesi.

Basi ndiyo hii ya nne. Mshale ukasogea. Akangoja. Ukasogea tena.

"Kamata basi, muzee," alimnong'oneza fundi aliyekufa zamani.

Muzee hakukamata. Nondo ilitoka yote, taratibu, kama karoti kwenye udongo wa mvua, imenyooka mwanzo hadi mwisho. Hakuna ndoano. Labda fundi yule alichoka siku hiyo, labda aliwahi mvua, na uvivu wake ukakaa ukutani miaka yote hiyo bila kuulizwa.

"Iko nashika?" Mwanvita aliuliza nyuma yake, birika mkononi.

Mfuko wa vyombo ulikuwa wazi miguuni pa Bisimwa. Nondo ingeingia humo, angeziba tundu kwa saruji, na karatasi ilisema tatu, na tatu zilishika. Nani angejua? Kisha akakiona kile kiti ukutani, ambacho kesho alfajiri mama angekirudisha na kukikalia papo hapo.

"Hapana, maman. Haikushika."

Mama aliweka birika chini. Akaipokea ile nondo, akapapasa ncha yake kwa kidole, pale ndoano ilipopaswa kuwa. Ndani ya nyumba simu ikalia. Ilikuwa saa sita, saa ya Yunus kupiga. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Ni kosa yangu," Bisimwa alisema. "Trois, tatu tu, zilikuwa zinatosha. Hii nilivuta juu ya kupata chai, maman. Kule kwangu hakuna mutu."

"Najua. Ile karatasi uliiachaka ku meza siku ya kwanza. Nilisoma. Trois." Akamtazama, macho yamejaa machozi. "Na leo nilipika chai."

Simu ikaanza tena. Mwanvita alikiinua kiti cha mumewe, akakiingiza sebuleni, akamwonyesha Bisimwa akae. Akammiminia chai, ndipo akapokea simu.

"Yunus, utakuya kunikamata, nihamie kwako," alisema. "Lakini hapana leo. Leo niko na mugeni."