Siku Kasuku Aliponyamaza

Tangu azaliwe, binti wa fundi cherehani hakujua kufunga mdomo. Mtaa mzima ulimwita Kasuku. Baba yake, mgane wa siku nyingi, alishona huku akilalamika, "Nyamaza kidogo, mwanangu, utanitoboa masikio!"

Basi kampuni moja ya ushauri wa kompyuta ikafungua ofisi ya kanda, ghorofani juu ya duka la samani. Haki ya Mungu, watu wale walistahili makofi! Kampuni nyingine huwaita vijana waende jiji kuu. Wao walizipandisha kompyuta ngazi zile mbovu, wakachukua vijana wa hapa hapa na kuwafundisha, Kasuku akiwemo. Kaka zake Kasuku walikwisha kwenda zao, wakabaki sauti za kwenye simu. Naye akikosa kazi hii angewafuata, na baba angebaki peke yake.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kioja. "Hatutengenezi programu kabla ya kumsikiliza mteja," mkuu wa ofisi alisema. "Kaa naye kutwa. Uliza, kisha nyamaza. Ukimkatiza, umefeli."

Na mteja akawa nani? Shangazi yake mwenyewe, mwenye duka la dawa, mwanamke asiyemeza neno!

"Kwisha habari yetu," baba alisema.

Mchana wa siku ya mtihani uvumilivu ukamshinda baba, akaenda dukani kununua dawa ya kichwa, na kweli kilikuwa kinamuuma. Akamkuta dada yake akifoka: dawa zinaisha muda rafuni, hakuna anayejua kilichobaki stoo. "Na huyu naye, eti mtaalamu! Chai tu inamshinda!" Baba nusura ajibu yeye. Mkuu wa ofisi alikuwa pembeni, anatazama. Kasuku akauliza tu:

"Ehe, shangazi. Stoo inakuwaje?"

Jioni Kasuku alirudi, akavua viatu, akaketi. Kimya. Baba akasimamisha cherehani. Akasikia saa ya ukutani na bomba linalovuja, akajua nyumba itakavyokuwa binti akishaondoka. Machozi yakamlenga.

"Sema basi, mwanangu!"

Neno hilo hakuwahi kumwambia maishani.

"Nilikuwa nangoja uniulize, baba," Kasuku akacheka. "Ndivyo tunavyofanya kazini. Jumatatu naanza!"

Ndipo akafungulia: ya shangazi, ya stoo, ya mkuu, bila kupumua. Baba aliinamia cherehani asionekane macho, na usiku ule hakumwambia anyamaze.