Ncha ya Sindano

Fundi cherehani alikuwa na sheria moja: sindano ya mashine ikivunjika, hakuna kushona mpaka vipande vyote vionekane. Kipande kikibaki kwenye nguo ya mteja kitamchoma, na jina la fundi ndiyo basi tena. Jumatatu ikavunjika. Kipande cha juu kilibaki kwenye mashine, ncha ikaenda zake. Leo Alhamisi gauni la bibi harusi limekung'utwa weee, sakafu imefagiwa mara nne, na mashine imesimama tu.

"Ni wewe umeifagia," alimwambia mkewe.

"Haya, mimi tena! Na nyayo zako umezitazama?"

Jamani, mtu huyu na miguu yake! Muuguzi wa kliniki ya kisukari alishamwambia: tazama nyayo kila siku, vaa viatu hata ndani, kidonda usichokisikia ndicho kitakachokukatisha mguu. Wapi! Miaka thelathini amekanyaga mashine pekupeku, eti kiatu kinamharibia mwendo. Tena mwaka jana miguu ilikuwa ikiwaka kama imepakwa pilipili, mwaka huu imetulia. Akajipongeza kwamba amepona. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Kungekuwa na kitu ningejua," alisema. "Haiumi."

"Lete hapa."

Akauleta, maana alichoka kubishana. Siku hizi hata hasira zilimfikia zimepoa, na gauni la watu halikumnyima usingizi kama zamani. Mkewe aliketi kwenye kigoda, akaupakata mguu wa kulia, ule wa kukanyagia, akaugeuzia mwanga wa mlangoni. Akausogeza karibu na macho.

Fundi akainama kutazama. Chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imekakamaa, na katikati palikuwa na kishimo cheusi, pembeni pamevimba, pana majimaji. Ndani yake kitu kiling'aa.

"Mungu wangu," alisema. Mkewe alikuwa ameshachukua kibano chake cha nyuzi.

Fundi akakamata kiti kwa mikono miwili, akafumba macho, akauma meno. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima aliogopa, akaomba iume. Iume sana, hata apige kelele majirani wamcheke.

"Vuta polepole, mama watoto."

"Nimeshavuta," mkewe akasema.