Jina Chini ya Ramani

Mahfudh hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa Gilbert kwa bega na kuibwaga karatasi juu ya kibodi ya meneja wake.

"Nani amegusa ramani yangu?"

Gilbert akamwambia aketi kwanza. Akakataa.

Ofisi yao ilikuwa Plymouth, nyuma ya kiwanda cha milango, na kazi yao ilikuwa kuziongoza meli katika barafu ya Aktiki. Programu ilisoma picha za setilaiti, ikapaka maji rangi ya buluu na barafu rangi nyekundu. Kisha mtu alikagua, akaandika jina lake chini, ndipo ramani ikatumwa melini. Mtu huyo alikuwa Mahfudh. Shule aliiacha darasa la saba huko Mombasa, lakini alikuwa baharia miaka kumi na minne kwenye meli za mizigo za kaskazini. Kampuni ilimwajiri kwa macho yake, si kwa vyeti.

Asubuhi ile alipaka nyekundu eneo la maili arobaini. Akaenda kunywa chai. Aliporudi eneo lote lilikuwa buluu, na jina lake bado liko chini.

Gilbert alikiri ni yeye, akaeleza polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. Programu ilikuwa na uhakika wa asilimia tisini na sita kwamba pale ni maji. Wenye meli walikwisha kulalamika mara mbili mwezi huo wa Julai kwamba njia za Mahfudh zinazunguka mno. Meli yenyewe ilisimama ukingoni mwa barafu, watu ishirini na wawili ndani, ikingoja ramani kabla ya saa nane.

"Mzee wangu, usi-take personal. Hii system imeona picha milioni. Wewe umeona ngapi?"

Mzee. Mahfudh alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na Gilbert alimwita mzee pale tu alipotaka anyamaze. Damu ikamchemka.

"Nimeona moja iliyotutoboa."

Akamwambia, na hakupunguza sauti ingawa ofisi nzima ilisikia. Jua la Julai huyeyusha barafu kwa juu, maji yakatuama hapo hapo, madimbwi ya buluu safi, na chini yake barafu unene wa kimo cha mtu. Afisa wa zamu wa meli yao ya zamani aliona buluu akaongeza mwendo, wakaigonga. Mahfudh na Mfilipino mmoja walishinda ndani ya tumbo la meli, maji ya barafu magotini, wakigongomea vigingi vya mbao kwenye ufa. Yule mwenzake alikatwa vidole sita vya miguu.

"Maji ya kifuu bahari ya chungu," akasema. "Hiyo programu yako ndiyo chungu, sisimizi anayeona dimbwi akadhani bahari."

Gilbert akajibu kwamba meneja ni yeye, na lawama atabeba yeye.

"Vizuri. Futa Mahfudh, andika Gilbert."

Gilbert akacheka kidogo. Mahfudh hakucheka. Basi Gilbert akafuta jina, akaandika herufi moja, G, kisha kidole kikasimama. Akaikuza picha na kuikodolea macho, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo mtu anatofautishaje dimbwi na bahari.

Mahfudh alimwonyesha kwa hasira ile ile, akigonga kioo kwa ukucha. Jana upepo ulivuma mkali huko. Maji wazi yangebadili umbo, vipande vingesukumwa. Picha ya jana na ya leo zilikuwa na madoa yale yale, hata lile lenye umbo la figo.

Gilbert akairudisha nyekundu. Akaandika majina yote mawili, akatuma. Ilikuwa saa nane kasoro dakika nne.

Simu haikukawia. Njia mpya iliongeza safari muda wa saa tisa, na mwenye meli alifoka hadi Mahfudh aliyasikia maneno yote akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Gilbert alimtazama kwa macho ya kuomba msaada. Mahfudh akakunja mikono. Hakumwonea huruma. Acha atukanwe, matusi hayatoboi meli.