Tundu la Moyo wa Delio

Wanaume wa mtaa wetu wa Bakawan hawakubaliani juu ya jambo lolote isipokuwa moja: kwamba wao, wakiwa wameketi kwenye benchi mbele ya duka la mama, wanaujua mpira wa kikapu kuliko makocha wote wa Manila. Ushahidi wa elimu hiyo haujawahi kuonekana uwanjani. Kila sikukuu ya mtakatifu wetu timu ya Bakawan hufungwa, na kila ikishafungwa, benchi hujaa wataalamu wa kueleza kwa nini.

Mtaalamu mkuu ni Mjomba Tikyo, kaka yake mama, dereva wa bajaji. Ujanani aliwahi kwenda Manila akatazama mechi kubwa kutoka viti vya juu kabisa, chini ya paa, na tangu hapo huzungumza kama mtu aliyeitazama dunia kutoka mbinguni. Wa pili ni Nong Sabas (Nong ndivyo tunavyomwita mwanaume mkubwa kwa heshima), mchinjaji, ambaye huwapima wachezaji kama anavyowapima nguruwe, yaani kwa miguu. Kitoto cha nguruwe chenye kwato kubwa, husema, hakijawahi kumdanganya.

Mwaka ule Kapitan wetu, mkuu wa mitaa yote, aliwapa kazi kweli. Watu wa mtaa wa Simbahan, wanaokaa karibu na kanisa, walikuwa wamezoea kuazima wachezaji warefu kutoka miji mingine, basi Kapitan akapiga marufuku. Akachora mstari wa chaki kwenye mwimo wa mlango wa zahanati: kijana yeyote ambaye kichwa chake kinaupita mstari ni wa wote, na mitaa yetu mitatu itachagua kwa zamu, mmoja mmoja, hadharani. Kura ilipigwa kwenye kofia yake. Simbahan wakapata zamu ya kwanza, sisi ya pili, Ilaya ya tatu.

Walioupita mstari walikuwa watatu. Windel Tumulak, mpana kama kabati, mwenye viatu vya bei na mdomo wa bei zaidi. Ildefonso, mtumishi wa altare, ambaye akirushiwa mpira hufumba macho na kumkumbuka Mungu. Na Delio.

Delio ni mgema. Alfajiri na jioni hupanda minazi ya Ilaya hadi Bakawan akiwa na mundu kiunoni na chombo cha mwanzi mgongoni, na tembo lote linalonywewa kwenye lile benchi hutoka mikononi mwake. Yeye hakuwa akitafuta sifa katika mashindano yale. Siku ya mwisho angekuja kocha wa chuo kimoja cha mjini, anayetafuta kijana mrefu wa kusimama chini ya kikapu, na atakayemchukua angesoma bure. Delio alitaka kusomea kilimo, kwa sababu minazi ya huku inakufa kuanzia kileleni na hakuna anayejua dawa. Mimi nilikuwa nimetoka kupata shahada ya ualimu, nangoja kupangiwa shule, basi nilimfundisha hesabu kwenye kaunta ya duka, kati ya mteja na mteja. Penseli mkononi mwake ilionekana kama mwiba. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu wa namna ile hapaswi kuporwa bahati yake na maneno ya watu.

Benchi lilijadili juma zima. Ilibishaniwa kama mtu mrefu anafaa zaidi akiwa na mikono mirefu au shingo ndefu. Nong Sabas alitaka wakaone miguu ya mama zao. Mjomba alishikilia kwamba Manila huangalia vidole. Mmoja akakumbusha kwamba Delio, utotoni, aliruka sana usiku wa mwaka mpya, kama wanavyoruka watoto wote ili warefuke, akaulizwa mbona yeye mwenyewe aliruka miaka yote na bado anapita chini ya meza. Mwishowe walikubaliana, jambo lililowashangaza wenyewe. Anayefaa ni Delio.

Shida ilikuwa Simbahan. Wangechagua kwanza, na si vipofu.

“Lazima tumharibu kidogo,” alisema Mjomba Tikyo.

“Tumharibu vipi?” aliuliza Nong Sabas.

“Jina tu. Ukiisifia mali sokoni, bei inapanda. Sisi tuiponde.”

Wakaanza kumtafutia Delio ugonjwa. Goti lilikataliwa, maana kila mtu humwona akipanda minazi kwa magoti yale yale. Macho yalikataliwa kwa heshima ya Ildefonso. Nong Sabas, aliyepasua mioyo mingi ya nguruwe, ndiye aliyependekeza moyo, kwa kuwa hauko nje.

“Una tundu,” akasema. “Dogo tu. Halionekani.”

“Na mtu mrefu damu yake inapanda ghorofa mbili,” akaongeza Mjomba. “Tazama bomba la Kapitan. Maji yanafika juu?”

Nilikuwa dirishani nikifunga sukari kwenye vifuko. Nikamwambia Mjomba, kwa adabu, kwamba Delio si mali ya sokoni, na kwamba uongo ukishatoka hauna kamba ya kuurudishia.

“Inday,” akaniambia kwa upole, kama mtu anavyomwambia binti wa nyumbani, “hiyo inaitwa mbinu. Chuoni hawakuwafundisha mbinu?”

Wakagonganisha glasi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa kwetu alikuwa anapondwa, na tembo alilowaletea jioni ile halikuwa na tone la maji.

Kesho yake Mjomba alikwenda kazini na siri ile. Kila abiria wa bajaji alipewa, na kila abiria aliapishwa asimwambie mtu. Baada ya siku chache tundu lilikuwa limekua. Kwa fundi cherehani lilikuwa kama kifungo cha shati. Sokoni Delio alikuwa ameshazimia, na wapo waliomshika asianguke. Kule Ilaya walisema Krismasi hataiona, wakaanza kumsalimia kwa sauti ya msibani. Mjomba alipoyasikia hayo yakimrudia kutoka kwa watu wasiomjua, aliuliza nani amewaambia. Wakamjibu kwamba kila mtu anajua.

Siku ya kuchagua, Delio alikuja uwanjani na mama yake, Nang Pasing, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Simbahan walinong’onezana kidogo tu, wakamtaja Windel.

Nong Sabas alimfinya Mjomba kwa furaha. Hila ilikuwa imefaulu. Lilibaki neno moja tu la kutamka, jina la Delio, na Mjomba, aliyetuchagulia, hakulitamka.

“Subiri,” akasema. “Kwa nini wamemwacha?”

“Si sisi tumewafanya wamwache?”

“Wale wana duka la dawa. Wana daktari wa meno. Watu kama wale hawamwachi mtu hivi hivi, Sabas. Wanajua kitu.”

“Lakini tundu tumelitoboa sisi, Nong.”

“Sisi tulikisia,” Mjomba akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika kweli. “Kumbe tulikisia sawasawa.”

Bakawan ikamchukua Ildefonso. Ildefonso aliposikia jina lake alifumba macho. Ilaya, walipoona mitaa miwili imemkwepa Delio, wakaona heri wachukue kijana mfupi anayejua kukimbia. Delio akabaki katikati ya uwanja, kichwa chake kikiwa juu ya vichwa vyote, hata asiweze kujificha. Mama yake alimshika kiwiko, wakaondoka polepole, kama watu wanaotoka kuzika.

Nilimfuata. Nikamwambia kwamba nilikuwepo ule uongo ulipozaliwa, niliusikia kwa masikio haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kiganja kikiwa kifuani.

“Nakuamini, Titser,” akasema. “Ila sasa nikilala nausikia. Zamani nilikuwa siusikii.”

Nang Pasing alimpeleka kwa mama mmoja mkandaji. Yule mama, kwa kuwa alikuwa ameshasikia habari sokoni, aliliona tundu papo hapo, kwa kidole gumba. Mimi nikampeleka zahanati. Mkunga akausikiliza moyo ule kwa muda mrefu, akasema unadunda kama ngoma ya sikukuu na angependa kuwa nao yeye. Watu wakasema mkunga anajua mioyo ya ambao hawajazaliwa. Nang Pasing akautundika mundu nyuma ya mlango. Hakuna kupanda tena.

Hapo ndipo benchi lilipoanza kuumwa. Jioni ya kwanza walidhani kachelewa. Baadaye wakajaribu pombe kali ya chupa kutoka kwetu dukani, ikawaumiza vichwa, wakahamia kahawa. Ukijadili mpira kwa kahawa, hoja zinaonekana zilivyo. Waligombana. Tena timu ilikuwa inafungwa: katika mechi ya kwanza Ildefonso alidaka mpira mmoja tu, kwa uso. Mmoja akathubutu kuuliza ni nani aliyemchagua, na Mjomba akajibu kwamba Manila wachezaji warefu huchelewa kuiva.

Siku ya mwisho kocha wa chuo alifika, akakaa karibu na meza ya waamuzi akitafuna hindi la kuchemsha. Alimtazama Windel akijisifu, akamtazama Ildefonso akisali, akaangalia saa. Manyunyu yalikuwa yamelowesha sakafu, na Delio alikuwa amepewa kitambaa akaushe. Wakati wa mapumziko Mjomba na Nong Sabas walimwendea pale kwenye uzio. Nilikuwa nawapelekea wachezaji maji, nikasimama karibu.

“Dong,” Mjomba akaanza, kama mtu anavyomwita kijana wa nyumbani, “utapanda lini?”

“Sipandi, Nong. Moyo.”

“Moyo gani? Wewe huna kitu.”

“Si wewe uliyesema ninacho?”

Mjomba alikohoa. Nong Sabas akatazama kwato zake mwenyewe, yaani miguu yake.

“Tulikuwa tunakutaka, Dong,” Sabas akasema kwa sauti ya chini. “Tuliongopa ili Simbahan wakuache. Ndiyo hivyo.”

“Kwa hiyo halipo?”

“Halipo. Nililitoa kichwani. Panda leo jioni, kiu inatuua.”

Niliuona mkono wa Delio ukishuka kutoka kifuani, polepole. Hakupiga kelele, hajui kupiga kelele. Alikunja kile kitambaa, akamgeukia Mjomba, akaelekeza kidole kwenye kipaza sauti mezani.

“Kayaseme pale, Nong. Kocha asikie, na mama asikie. Habari ya tembo baadaye.”

Mjomba alinitazama, akidhani ningemwokoa. Nikashika ndoo yangu ya maji. Dhamiri mtu anaweza kuishi nayo miaka, lakini kiu humwamsha kila siku. Akaenda.

Alianza kwa kumshukuru Kapitan, na padri, na waliotoa fulana. Akagusia Manila. Kisha akasema kwamba taarifa iliyoenea kuhusu moyo wa kijana Rodelio Abarquez ilikuwa mbinu ya kimchezo iliyobuniwa na wataalamu wa Bakawan, kwamba haina ukweli, na kwamba yeye binafsi ndiye wa kwanza kugundua kuwa haina ukweli. Uwanja mzima ukacheka. Simbahan walicheka kuliko wote, mpaka walipokumbuka nani aliyeimeza. Nang Pasing hakucheka. Alivua ndala moja, akavuka uwanja akiwa na mguu mmoja peku, na kwa kuwa kipaza sauti hakikuzimwa, kila mtu alisikia ilipotua mgongoni mwa Mjomba.

Kocha aliweka hindi lake chini. Hakuuliza habari za moyo. Alimwita Delio, akampa mpira, akamwambia akimbie toka kikapu hiki hadi kile mpaka atakapoambiwa basi. Delio alianza kwa ndala, akazitupa, akaendelea peku. Akaenda, akarudi. Kocha akaokota hindi lake, akalimaliza, akasahau kusema basi. Windel alikuwa amekaa chini, amevua viatu vyake vya bei, anatazama.

Alipoambiwa basi, Delio alikuja moja kwa moja kwenye uzio nilipokuwa, akanywa maji kwenye kata, jasho likimtiririka hadi kwenye viwiko.

“Titser,” akasema. “Siusikii tena.”

Aliondoka na basi la asubuhi juma lililofuata, magoti yakiwa karibu na masikio kwa ufinyu wa kiti, vitabu vyangu viwili vya hesabu mapajani. Amekwisha kuniandikia kwamba kemia ni ngumu kuliko mnazi.

Benchi lipo bado, na ni kavu. Mjomba huwaambia wateja kwamba yeye ndiye aliyemwona Delio kabla ya kocha, na watu wa Simbahan nao husema hivyo hivyo kwao. Kazi iliyopo sasa ni kumpata mgema mpya. Wamekuwa wakiwajadili vijana wa mitaa yote mitatu. Nong Sabas anataka kuona miguu, Mjomba anataka kuona vidole. Jana jioni walikubaliana juu ya kijana mmoja wa Ilaya, mwepesi, mwenye adabu. Kisha Mjomba akainamisha kichwa, akashusha sauti, akasema ni vizuri ijulikane, kabla Simbahan hawajamtia macho, kwamba kijana yule ana kizunguzungu.

Safari hii sikumjibu. Nilifunga dirisha la duka, nikaenda kwa Nang Pasing, nikamwambia avae ndala.