Mdahalo wa Waheshimiwa

Mipango yangu ya wiki ile ilikuwa ya kawaida. Nilitaka kumaliza kupalilia mpunga, kushona upya kola ya gauni langu la kanisani, halafu Jumapili nipande basi kwenda Mikumi kwa binti yangu Bernadetha. Mjukuu wangu alikuwa anabatizwa, na mimi nilikuwa nimepewa kusoma somo la kwanza mbele ya kanisa zima. Nina umri wa bibi, na mwaka juzi nilikuwa siwezi kusoma hata kibao cha duka.

Kusoma nimejifunza darasa la jioni, katika chumba kimoja cha shule ya msingi hapa Chanzuru, chini ya taa za umeme. Nyumbani nina taa ya sola inayochoka mapema kuliko mimi. Kwa hiyo kila siku baada ya rozari niliongeza ombi moja: Bwana, ulinde chumba kile.

Chumba kiliingia hatarini kwa sababu ya somo la Uraia. Mwalimu wetu Brayson, kijana wa Morogoro mjini, aliona tusisome demokrasia kwenye kitabu tu. Aliwaalika wagombea wawili wa uenyekiti wa kitongoji waje kufanya mdahalo darasani. Mwalimu Mkuu Tumwagile alikubali kwa sharti.

"Likisikika tusi hata moja," alisema, "ufunguo unarudi ofisini na darasa la jioni linatafuta pengine pa kukaa."

Ufunguo ulikuwa kwangu, kwa kuwa huwa nawahi kufika ili nisali kabla ya kipindi. Wanafunzi wenzangu wakanichagua mimi niongoze mdahalo.

Wagombea wenyewe walikuwa mzee Kondo, Msagara wa hapa hapa mwenye shamba la migomba, na Wenceslaus, mwenye mashine ya kusaga. Wenceslaus ni Mnyamwezi aliyezaliwa hapa. Babu yake alikuja kufanya kazi ya reli. Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Mama yake Kondo alipofariki, Wenceslaus alirukia kaburini, akalala chali, akasema hapa pana hewa nzuri na hatoki mpaka apewe jogoo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia kutoka Karagwe. Nilimwombea wiki nzima.

Kwa hiyo utani niliujua. Ila niliuona ni tusi lenye kibali, na kibali hicho sikukiona popote katika Maandiko. Nikasali, nikafunga, nikawaita wagombea wote wawili niwape masharti. Kila mmoja amwite mwenzake mheshimiwa. Kila mmoja aanze kwa kumsifu mwenzake. Utani, marufuku.

"Hata huyu mtumwa wangu nisimwite mtumwa?" Kondo aliuliza.

"Hata yeye, baba."

"Sasa nitamwitaje, mama Jovin? Kwani ana jina?"

"Jina ninalo," Wenceslaus akasema, "lakini ni refu. Akilitamka lote, hayo meno yake mawili yatamtoka."

"Haya yote ndiyo marufuku," nikasema.

Walitazamana kama watoto walionyang'anywa mpira.

Alhamisi jioni chumba kilijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni, mikono nyuma. Kondo akainuka, akakohoa.

"Mheshimiwa mgombea mwenzangu," alisema, "ninakuheshimu sana."

Mwanne, mdogo wake Kondo ambaye tunakaa dawati moja, alinisogelea. "Kaka anaumwa?"

Wenceslaus naye akainuka. "Nami namheshimu mheshimiwa Kondo kwa dhati ya moyo wangu."

"Yesu wangu!" mama mmoja akasema. "Wamegombana hawa."

"Tena kweli kweli," mwingine akajibu kutoka dirishani.

Mimi sikujali. Brayson alinionyesha dole gumba, nami nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru mapema mno.

"Kwa heshima na taadhima," Kondo akaendelea, "namkumbusha mheshimiwa kwamba mfereji wa maji umeziba pale penye mashine yake."

"Kwa unyenyekevu mkubwa, namsihi mheshimiwa awaeleze wananchi kilichouziba. Ni magogo ya migomba. Na migomba anayo yeye."

Maneno hayo hayo walikuwa wakirushiana kila siku sokoni, watu wakacheka, yakaisha. Sasa hayakuwa na kicheko cha kuyafunika, na kila mtu aliyasikia yalivyo. Wa Kondo walianza kusogea upande wa madirisha, wa Wenceslaus upande wa mlango. Nje nikasikia mtu akivunja tawi la mti.

"Kwa ridhaa yako mwenyekiti, mheshimiwa anasema uongo."

"Kwa idhini yako mwenyekiti, mheshimiwa tutakutana mahakamani."

Mahakamani! Benchi la nyuma lote likasimama. Mwalimu Mkuu pale mlangoni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Halikuwa limesikika tusi hata moja.

Mwanne alinivuta kanga. "Mama Jovin, warudishie matusi yao. Watu wataumizana hapa."

"Mwalimu Mkuu si yule? Chumba kitakwenda, Mwanne."

"Kiende! Kaka yangu tangu azaliwe hajamwita mtu mheshimiwa kwa nia njema."

Nilifumba macho nikasali. Nilitaka nijibiwe kwamba nikae tu, lakini sikujibiwa hivyo. Nilipofumbua niliziangalia zile taa, nikalikumbuka somo langu la Mikumi ambalo nilikuwa bado nakwama katikati yake. Kisha nikasimama.

"Mzee Kondo, huyu ni nani wako?"

Alitupa jicho mlangoni. "Ni mheshimiwa mgomb—"

"Nauliza ni nani wako."

Midomo ikamtetemeka kama mtu anayezuia chafya.

"Mtumwa wangu!" ikamtoka. "Mtumwa wangu huyu, mama! Babu yake walimshusha kwenye treni kwa uzito wa kichwa, injini ilikuwa imeshindwa kupanda!"

"Treni utaijulia wapi wewe?" Wenceslaus alikuwa ameshapanda juu ya benchi. "Si mlikimbilia mlimani mkidhani ni nyoka! Na siku ukifa nalala tena kaburini, bwege wewe, na safari hii sitoki kwa jogoo. Nataka mbuzi!"

Mabati yalitetemeka kwa kicheko. Yule aliyevunja tawi akaanza kujipepea nalo. Mfereji walikubaliana juu yake pale pale, katikati ya matusi: Jumamosi asubuhi, kila mtu na jembe lake.

"Na wewe uje, mtumwa, usilete maradhi ya uongo."

"Nitakuja nione jembe likikuburuta."

Mwalimu Mkuu alisubiri mpaka watu wametoka wote. Akanijia, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani? Nakushukuru sana, mama yangu, umeiheshimisha shule. Sasa, kwa masikitiko makubwa na kwa heshima zote, naomba ufunguo."

Nikampa kwa mikono miwili. Sijawahi kufukuzwa kwa adabu namna ile. Hata asante nilisema.

Ijumaa jioni tulisomea kwenye baraza la mashine ya Wenceslaus, ambalo lina taa. Kondo alileta mabenchi, akasema kwa sauti kwamba amewahurumia wanafunzi wasikalie pumba za mtumwa wake. Wenceslaus akamjibu kwamba mabenchi hayo yana kunguni wa Kisagara. Mashine ilikuwa inasaga mahindi ya watu na haikusimama kwa ajili yetu, kwa hiyo kila tulichosoma tulikisoma kwa kupaza sauti. Nilirudia somo langu mpaka koo likauma, na Jumamosi jioni nilirudi nikalirudia tena.

Jumapili, Mikumi, nililisoma lote bila kukwama hata neno moja. Watoto waliosubiri ubatizo waliamka wote kwa pamoja wakaanza kulia, na mjukuu wangu ndiye aliyewazidi.

Nilipokaa, Bernadetha aliniinamia. "Mama, padri anauliza umegombana na nani."